Jinsi ya kuhesabu elektroni za uso: anza na mstari wa Fermi

Kila mwanafunzi anayekaa kwenye mtambo wetu wa kupima elektroni kwa mwanga kwa mara ya kwanza hunijia siku ya tatu au ya nne na grafu yenye kilele kimoja kizuri, macho yanamng'aa, ananiambia, "Dada, hali ya uso hii hapa." Namwuliza swali moja tu: mstari wa Fermi uko wapi? Kimya. Hajauweka. Basi kilele chake bado hakijasema kitu, kwa sababu hatujui kiko chini ya mstari huo, mpaka wa nishati ambapo elektroni huishia, kwa kiasi gani, na bila kiasi hicho huwezi kuhesabu hata elektroni moja.

Haya ninayoyaandika ndiyo ninayomwambia mwanafunzi huyo baada ya hapo, na kwa mpangilio uleule. Sehemu kubwa nitatumia shaba, maana shaba ni mwalimu mpole. Mwishoni nitahamia kwenye silikoni, ambayo upole haijui.

Nafasi kwanza, mkaaji baadaye

Kabla hujagusa swichi yoyote, tenganisha mambo mawili kichwani. Kuna hali ya nishati, yaani nafasi ambayo elektroni inaruhusiwa kukaa. Halafu kuna elektroni yenyewe, ambayo inaweza kuwamo au isiwemo. Chumba si mpangaji. Watu husema "hali ya uso iko hapa" wakimaanisha "elektroni iko hapa", na kuanzia hapo hesabu zinakwenda mrama.

Nafasi huamuliwa na muundo wa fuwele. Ndani kabisa ya kipande cha shaba atomu zimejipanga kwa kujirudiarudia kila upande, na mawimbi ya elektroni huruhusiwa kupita kwa nishati fulani tu. Nishati hizo hukaa kwa makundi tunayoyaita bendi, na kati ya kundi na kundi kuna pengo. Sasa kikate hicho kipande. Marudio yamefika mwisho. Mwaka 1932 Igor Tamm alionyesha kwa hesabu kwamba pale penye mkato zinaweza kuzaliwa hali ambazo ndani hazipo, na mwaka 1939 William Shockley akaonyesha njia nyingine ya kuzipata. Chukua elektroni ambayo nishati yake inaangukia kwenye pengo. Kuzama ndani haiwezi, maana huko nishati yake hairuhusiwi. Wimbi lake hufifia kila linapozidi kuingia. Kutoka nje nako haiwezi, maana haina nishati ya kuiaga shaba. Inabaki imenaswa katika safu chache za juu za atomu. Lakini kwenda huku na huku juu ya uso, iko huru kabisa. Hilo la mwisho lishike, tutalihitaji.

Wakaaji nao wana sheria zao. Kanuni ya mwanafizikia Pauli inasema kila hali ibebe elektroni moja tu, au mbili ikiwa unahesabu kwa pamoja pande zote mbili za spini, sifa ya elektroni yenye pande mbili tu. Elektroni hujaza kutoka chini kwenda juu mpaka ziishe, na pale zinapoishia ndipo penye mstari wa Fermi. Joto hulainisha mpaka huo kidogo. Uwezekano wa kuikuta elektroni kwenye hali yenye nishati E ni:

f = 1 / (exp((E − EF) / kT) + 1)

Usiikimbie. EF ni nishati ya mstari wa Fermi, T ni joto, k ni namba isiyobadilika ya Boltzmann. Kariri namba moja tu: kwenye kelvini 300, joto la chumbani, kT ni elektronivolti 0.026 (elektronivolti ni kipimo chetu cha nishati). Hali iliyokaa juu ya mstari wenyewe imejaa nusu. Ya elektronivolti 0.39 chini ya mstari, kama ilivyo hali ya uso wa shaba kwenye joto hilo, imejaa kiasi kwamba uwezekano wa kuikuta tupu haufiki 1 katika milioni 3. Ya 0.063 chini ya mstari, kina cha fedha kinachopimwa kwenye baridi, kwenye joto hilo ingejaa asilimia 92 tu. Metali mbili za ukoo mmoja, uso uliokatwa vilevile, na bado moja imejaa pomoni na nyingine inavuja kwa joto la chumbani.

Kuandaa uso

Tafuta fuwele moja ya shaba iliyokatwa kwenye uso wa (111) (namba za mabano hutaja mwelekeo wa mkato), ule ambao kila atomu imezungukwa na wenzake sita. Upande ni jambo la maana kuliko watu wanavyodhani. Ukiichungulia shaba kwa mwelekeo huo, kuna pengo linaloanza kama elektronivolti 0.9 chini ya mstari wa Fermi na kupanda hadi juu sana ya mstari, na hali yetu imejificha humo. Ukigeuza upande, mambo yanageuka. Hata nishati ya kuitoa elektroni nje hubadilika: 4.94 kwenye (111), 4.48 kwenye (110). Shaba ileile, kipande kilekile.

Kisha usafi. Uso hupigwa kwa ioni za argoni zilizosukumwa kwa volti elfu moja hivi, halafu hupashwa moto hadi nyuzi 500 za Selsiasi, au karibu na hapo. Kipigo huondoa uchafu lakini huacha atomu zimevurugika kama udongo uliopitiwa na jembe. Moto huzirudisha mahali pake. Unapiga, unapasha, unapiga, unapasha. Fuwele mpya hudai mizunguko mingi, kwa sababu salfa iliyokuwa imetulia ndani hupanda juu kila unapoipasha. Anayeanza huchoka kwenye mzunguko wa nne na kujiambia kuwa inatosha. Haitoshi.

Yote haya hufanyika kwenye ombwe, na ombwe la kawaida halitufai. Kwenye milibari 10⁻⁶, gesi iliyobaki hugonga uso kwa wingi wa kuufunika wote kwa sekunde chache tu, kama kila molekuli inayogonga ingeganda. Shuka hadi milibari 10⁻¹⁰ na unapata saa kadhaa. Ndiyo maana tunaoka chemba nzima kwa siku kadhaa kabla ya kuanza. Na ndiyo maana kwenye daftari langu kuna safu moja isiyoandikwa kitu kingine zaidi ya dakika zilizopita tangu mara ya mwisho uso kupashwa moto. Mwanafunzi akiniletea data bila safu hiyo, namrudishia.

Kupima, na kuuweka mstari

Njia ya kuziona elektroni zilizokaa ni kuzifukuza kwa mwanga na kupima zinakimbiaje. Hesabu ni ile aliyotupa Einstein mwaka 1905: nishati ya mwendo ya elektroni iliyotoka ni nishati ya fotoni, ukitoa nishati ya kutoka, ukitoa kina ilichokuwa imekaa chini ya mstari wa Fermi. Taa ya heliamu hutoa fotoni za elektronivolti 21.22, kwa hiyo elektroni iliyokuwa imekaa juu ya mstari wenyewe hutoka kwenye shaba yetu ikiwa na 21.22 − 4.94, yaani 16.28. Elektroni za nishati kama hiyo hazifiki mbali ndani ya metali bila kugongana. Nanomita moja hivi, basi. Kwa kazi yetu huo si udhaifu. Zinazofika kwenye kichanganuzi, chombo kinachopima nishati yao, bila kupoteza nishati ni zile za juujuu, ambazo ndizo tunazozitaka.

Sasa mstari. Weka kipande cha dhahabu kwenye kishikio kilekile cha sampuli, kiguse metali kwa metali, na kishikio kiunganishwe na ardhi pamoja na kichanganuzi. Vitu vyote vya metali vilivyoguswa hivyo hulinganisha mistari yao ya Fermi. Huo ndio msingi wa kazi nzima. Pima dhahabu. Utaona elektroni nyingi, halafu ukingo unaporomoka, halafu hakuna kitu. Katikati ya poromoko hilo ndipo mstari ulipo. Kwenye kelvini 300, kutoka asilimia 90 hadi asilimia 10 ya poromoko ni elektronivolti 0.11. Ukipoza hadi kelvini 30, upana huo hushuka hadi 0.011, mradi kichanganuzi chako kina makali ya kuuona. Ukikuta ukingo mpana kuliko hapo, usilaumu fizikia. Punguza upana wa tundu la kichanganuzi kwanza.

Toa dhahabu, leta shaba. Ukingo lazima ubaki palepale. Ukihama, usishangilie ugunduzi. Angalia waya wa ardhi. Nimeshuhudia siku mbili za kazi zikimwagwa kwa sababu ya skrubu moja ya kishikio iliyokuwa imelegea robo mzunguko: kila mwanga ulipoongezwa, sampuli ilijaa chaji na mstari ukateleza.

Kisha geuza sampuli polepole na upime pembe baada ya pembe. Elektroni ya uso iko huru kusafiri juu ya uso, na pembe inayotokea hukuambia ilikuwa ikisafiri kwa momenta gani. Ukitumia elektronivolti na nanomita, namba ya wimbi sambamba na uso, k (si ile k ya kT), ni 5.12 × √E × sin θ, E ikiwa nishati ya mwendo na θ pembe ya kutokea. Kwa shaba (111) utaona bakuli: sakafu yake iko elektronivolti 0.39 chini ya mstari kwenye joto la chumbani, au 0.435 ukiipoza hadi karibu kelvini 30, na kuta zake zinapanda pande zote mbili mpaka zinapokatwa na mstari wa Fermi kwenye nyuzi 6 kulia na nyuzi 6 kushoto. Nyuzi 6 tu. Ukiipangilia sampuli ovyo, ukakosea kwa nyuzi 10, utakesha unapima pengo tupu na kuapa kuwa hali ya uso ni hadithi.

Mzuka wangu wa wiki tatu

Nieleze kosa langu, maana linafundisha kuliko mafanikio.

Mwaka wangu wa kwanza niliipata hali ya uso wa shaba kama vitabu vinavyosema, kilele chembamba kwenye 0.39. Lakini pembeni yake, robo elektronivolti hivi chini ya mstari, palikuwa na kijilima kidogo. Kilikuwepo kila nilipopima. Nikajua nimepata hali ya pili ya uso ambayo hakuna aliyeitaja. Nilichora grafu kwa wiki tatu. Nikaanza hata kuandika aya ya utangulizi.

Fundi wa maabara, mzee mmoja aliyekuwa akizifahamu pampu zetu kwa sauti, alisimama nyuma yangu akitazama skrini. Akasema, "Binti, umeuchafua?"

Sikumwelewa. Wiki tatu nilikuwa nikihangaika kuusafisha.

"Uache usiku kucha. Asubuhi upime tena, bila kugusa kitu."

Niliuacha. Asubuhi kilele cha 0.39 kilikuwa kimebaki kivuli. Gesi iliyotulia juu ya uso ilikuwa imekifuta. Kijilima changu kilikuwa palepale, kinanitazama. Hali ya uso haiwezi kufanya hivyo. Wimbi lake limekaa pale penye uchafu, uchafu ukija lazima liumie kwanza. Kwa hiyo kile hakikuwa cha uso, na mahali kilipo hapawezi kuwa pa ndani pia, maana kwenye pembe ile ni pengo.

Mzee alichukua kalamu yangu akaandika namba mbili tu: 23.09 na 21.22. Taa ya heliamu haitoi mstari mmoja wa mwanga. Hutoa na mwingine hafifu wa 23.09, kama asilimia moja au mbili ya mwangaza. Elektroni zilizofukuzwa na huo hutoka zikiwa na 1.87 zaidi, na kichanganuzi, kisichojua lolote, huziweka 1.87 juu zaidi ya mahali zilipokaa. Shaba ina umati wa elektroni za bendi ya ndani iitwayo d kuanzia elektronivolti 2 hivi chini ya mstari. Toa 1.87 kwenye kina chao na nakala yao hafifu inaangukia karibu kabisa na mstari wa Fermi, pale nilipoweka ugunduzi wangu.

Tangu siku hiyo siamini kilele kabla hakijapita majaribio matatu. Je, kimekaa ndani ya pengo la fuwele? Je, ukibadilisha nishati ya fotoni, kinabaki kwenye kina kilekile? Hali ya uso haina mwendo wa kwenda ndani, kwa hiyo haijali. Za ndani huhamahama, na mizuka huhama pia, kwa mtindo wao. Na je, kinakufa uso ukichafuka? La tatu ndilo rahisi kuliko yote na ndilo watu wanalolionea uchungu, kwa sababu hakuna anayependa kuharibu uso aliouhangaikia siku nzima. Uharibu.

Kuhesabu

Hapa ndipo raha ilipo. Chukua kalamu.

Tumeona bakuli linakatwa na mstari wa Fermi kwenye nyuzi 6. Weka kwenye fomula: 5.12 × √16.28 × sin 6° = 2.16 kwa nanomita. Elektroni zote zilizokaa kwenye hali ya uso zimo ndani ya duara la nusukipenyo hicho. Eneo la duara ni πk². Kwa kila nanomita mraba ya uso, kila hali huchukua (2π)² ya eneo hilo, na spini inatupa mbili kwa kila hali. Kwa hiyo idadi ni 2πk²/(4π²), yaani k²/2π. Jibu: elektroni 0.74 kwa kila nanomita mraba.

Lipitie kwa njia nyingine uone kama linasimama. Kitu kinachosafiri huru kwenye bapa kina tabia moja nzuri: idadi ya hali kwa kila elektronivolti haibadiliki ukipanda. Kwa elektroni huru ni 4.18 kwa kila elektronivolti kwa kila nanomita mraba. Kwa yetu, ambayo mwinuko wa kuta za bakuli unaonyesha inajiendesha kama ina tungamo 0.41 la elektroni ya kawaida, zidisha kwa 0.41. Kisha zidisha kwa kina cha bakuli, 0.435. Unapata 0.75. Njia moja imetumia pembe, nyingine imetumia kina na tungamo, na zimekutana. Zisipokutana, mstari wako wa Fermi au pembe yako ya sifuri ina kasoro, na unajua pa kuanzia kutafuta.

Sasa gawanya. Atomu jirani kwenye uso huu ziko umbali wa nanomita 0.256, kwa hiyo kila nanomita mraba ina atomu 17.7. Elektroni moja ya uso kwa kila atomu 24. Wanafunzi hushangaa jinsi zilivyo chache. Walidhani kila atomu ya juu ina yake. Hapana, ni ukungu mwembamba uliosambaa juu ya zote, hauna mwenyewe.

Fedha ni nyembamba zaidi: kina 0.063, tungamo 0.40, atomu zilizoachana nanomita 0.289. Nakuachia hesabu, ukipata karibu elektroni moja kwa kila atomu 130 uko sawa. Ila ipime kwenye baridi, kwa sababu ikipata joto bakuli lote husogea juu kuelekea mstari wa Fermi na kuanza kujimwaga. Dhahabu ina kina cha 0.49, lakini bakuli lake ni mawili yaliyopishana kidogo kushoto na kulia, moja kwa kila spini. Hilo lilionekana mwaka 1996, na ni somo la siku nyingine.

Upande usio na wakaaji

Mwanga hufukuza waliomo tu. Nafasi tupu hazina wa kufukuzwa, kwa hiyo hazionekani kwa njia hii, na ukisoma grafu ya mwanga ukasema "juu ya mstari hakuna hali", umekosea. Hakuna elektroni. Hali zinaweza kuwa tele.

Za juu ya mstari huonekana kwa hadubini inayotembeza ncha kali juu ya uso bila kuugusa, ile ambayo Gerd Binnig na Heinrich Rohrer waliiunda karibu na Zurich mwaka 1981. Ipe sampuli volti hasi, elektroni huvuka kutoka kwenye hali zake zilizojaa kwenda kwenye ncha. Geuza iwe chanya, elektroni hutoka kwenye ncha na kuingia kwenye hali zilizo tupu. Ukipandisha volti polepole kwenye shaba (111), kiasi ambacho mkondo hubadilika kwa kila volti huchukua ngazi ghafla unapopita volti −0.44, halafu hutambaa. Ngazi, si mlima: ni ileile tabia ya bapa tuliyoitumia kuhesabu, sasa unaiona kwa macho.

Na mawimbi yenyewe pia. Mwaka 1993 Michael Crommie, Christopher Lutz na Donald Eigler walizungushia boma la atomu 48 za chuma juu ya shaba (111), kwenye kelvini 4, nusukipenyo nanomita 7.13, na ndani ya boma wakaona viwimbi vya duara. Urefu wa wimbi la elektroni kwenye mstari wa Fermi ni 2π/2.16, yaani nanomita 2.9, viwimbi vinavyosimama hurudia kila nusu ya hapo, nanomita 1.45. Chukua rula, pima kwenye picha yao. Pembe ya nyuzi 6 uliyoipima wewe kwa taa ya heliamu imo mle ndani.

Silikoni: uso unapoamua

Kwenye shaba, ndani kuna elektroni nyingi mno hivi kwamba uso hauna sauti. Mstari wa Fermi umewekwa na bahari ya ndani na hali ya uso inajaa kwa kuufuata. Kwenye semikonda, kama silikoni, mambo hugeuka juu chini, na hapa ndipo wanaotoka kwenye metali hujikwaa.

Kata silikoni kwenye (111). Kila atomu ya juu inabaki na kifungo kimoja kinachoning'inia, na kuna atomu 7.8 kwa kila nanomita mraba. Vifungo hivyo ni hali zilizokaa katikati ya pengo. Tuseme ndani umetia fosforasi atomu 10¹⁷ kwa kila sentimita ya ujazo, wingi wa kawaida. Elektroni za fosforasi zinaona nafasi za uso zilizo chini yao, zinashuka kuzikalia, na uso unajaa chaji hasi ambayo inazipindisha bendi juu. Ili kuzipindisha kwa nusu volti unahitaji kukausha elektroni kwenye kina cha nanomita 80 tu. Hiyo ni elektroni 0.008 kwa kila nanomita mraba: moja kwa kila atomu elfu za uso. Kwa chaji ndogo kiasi hicho mstari wa Fermi wa pale juu umeshahama nusu volti, na ukiongeza fosforasi, uso unameza ziada bila mstari kusogea sana. Umegandishwa. John Bardeen aliandika maelezo haya mwaka 1947, akieleza kwa nini metali tofauti zikiguswa na semikonda hutoa kizuizi kilekile, wakati kila mtu alitarajia kitofautiane kwa kufuata nishati ya kutoka ya metali.

Kwa hiyo kwenye semikonda usiulize kwanza umeitia nini ndani. Uliza uso una hali ngapi kwenye pengo na zimejaaje. Uso wa silikoni (111) uliotulia hujipanga upya kwa mraba uliolala wa saba kwa saba, na hesabu yake ni tamu: badala ya vifungo 49, vinabaki 19 kwa kila kiunzi kinachojirudia. Sita viko kwenye atomu za chini, kimoja kwenye shimo la pembeni, kumi na mbili kwenye atomu zilizoketi juu. Elektroni nazo ni 19. Vifungo saba vya kwanza, vile sita na kile cha shimo, hali zao ziko chini, kila kimoja hubeba mbili: elektroni 14 zimekwisha. Zinabaki 5 kugawana nafasi za vifungo 12. Bendi hiyo haijajaa, mstari wa Fermi unaikata, na umenaswa kama elektronivolti 0.63 juu ya bendi iliyojaa ya ndani, uitie fosforasi au boroni. Pima mwenyewe vipande viwili, kimoja cha kila aina, ukitumia ukingo wa dhahabu kama hapo juu.

Kisha, kwa kulinganisha, pasua galiamu aseniki kwa wembe ndani ya ombwe, kwenye uso wa (110). Kifungo kinachoning'inia cha galiamu huja na robo tatu ya elektroni, cha aseniki na elektroni moja na robo. Jumla ni mbili kamili. Zote mbili huenda kwa aseniki, galiamu inabaki tupu, atomu za uso zinajiinamisha kidogo na hali zote mbili zinasukumwa nje ya pengo. Hakuna cha kuugandisha mstari; unafuata ulichotia ndani, kama kwenye kitabu.

Mradi mpasuko uwe safi. Mara ya mwisho nilipasua vipande sita. Viwili vilitoka laini kama kioo na mstari ukawa palepale nilipoutarajia. Vinne vilikuwa na mistari midogo ya ngazi ambayo unaiona ukiinamisha taa, na kwenye vyote vinne mstari ulikuwa umeshaanza kushuka kuelekea katikati ya pengo kabla sijamaliza kupima kimoja. Siku hizi natazama mpasuko kwa taa ya pembeni kwanza, naandika kwenye daftari "kioo" au "ngazi", ndipo nawasha heliamu.